Simu inajua kusoma, tuangalie tunayoipa isome



Hapa tumezoea kukosoa vitabu, programu za masomo, hata zile semina za kilimo zenye chai nyingi na shamba kidogo. Leo nataka kukosoa kitu chenye wengi wetu hatujawahi kukisikia kikifanya kazi, hata kama kimelala ndani ya simu zetu kila siku: ile sauti inayomsomea mutu asiyeona yale yaliyo ku kioo cha simu. Kwa Kifaransa wanaiita lecteur d'écran. Mimi nitasema msomaji wa kioo.

Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye haraka asipoteze mega zake. Chombo chenyewe ni kizuri sana. Kiswahili cha kwetu kinakisoma kwa shida. Lakini chenye kinakifunga mdomo kabisa ni namna sisi, watu wenye diplome, tunaandika na kutuma.

Kwanza chombo. Ku Android kinaitwa TalkBack, ku iPhone kinaitwa VoiceOver. Ukikiwasha, simu inabadilisha tabia. Unagusa alama moja, haifunguki. Sauti inakutajia jina lake tu. Unagusa mara mbili haraka, njo inafunguka. Unatelezesha kidole kuelekea kuume, inasoma kitu kinachofuata. Ukienda kushoto, inarudia cha nyuma. Kwa kuandika, unatembeza kidole ku herufi, inazitaja moja moja, unaachilia ku ile unayoitaka. Mwenye kuona akijaribu mara ya kwanza, anakasirika mu dakika mbili. Mwenye kuzoea anaiharakisha ile sauti mpaka sisi wengine hatushiki hata neno moja. Anaweza hata kufanya kioo kiwe cheusi kabisa, simu ikiendelea na kazi, na hakuna mutu ndani ya taksi atakayechungulia mesaji zake.

Hii haikuwa bure siku zote. JAWS, iliyotoka kwa Windows mwaka 1995, ni ya kununua, na bei yake si bei ya mwanafunzi. Ku zile Nokia za zamani kulikuwa Talks na Mobile Speak, nazo za kulipia: unanunua simu, halafu unanunua tena haki ya kuisikia. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2006, wakati Michael Curran na James Teh, vijana wawili wa Australia, wote wawili wasioona, walianzisha NVDA, ya bure, kwa kompyuta. Mwaka 2009 Apple ikatia VoiceOver ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huo huo Android ikapata TalkBack. Ndani ya Google, mmoja wa wale walioongoza hiyo kazi ni T. V. Raman, injinia asiyeona. Shikeni hiyo: wenye kutengeneza walikuwa wenyewe wenye haja. Kwa sisi wa agronomia hilo ni somo, ju tumeona miradi mingapi ya mihogo iliyopangwa na watu wasiolima hata bustani?

Leo hata simu ya bei ndogo ya Android, ile inayouzwa ku soko hapa Kolwezi, mara nyingi inakuja na TalkBack ndani. Hakuna cha kulipa. Hiyo ni sifa kubwa na sitaki kuipunguza.

Sasa sauti. Hapa njo kunaanza matatizo.

Tuelewane: TalkBack yenyewe haina ulimi. Inachukua maandishi na kuyapeleka ku injini ya sauti, na hiyo injini inasoma kwa kanuni za lugha moja yenye umechagua. Simu nyingi za kwetu ziko katika Kifaransa, basi sauti ni ya Kifaransa. Mpe sauti ya Kifaransa mesaji ya Kiswahili, uone. Herufi u inasomwa kama ile ya rue. J ya Jumatano inakuwa ile ya jour. Ch ya chakula inageuka sh. Na e ya mwisho inamezwa, ju ku Kifaransa haisomwi: pole inabaki "pol", mbele inabaki "mbel". Kanda inapita puani kama vile maman. Mutu anakuandikia "pole sana ndugu yangu", na yenye inafika ku sikio ni kelele ya mzungu mwenye mafua.

Basi tuchukue sauti ya Kiswahili? Iko. Google inayo moja, imeandikwa ni ya Kenya. Iko pia eSpeak NG, ya bure, nyepesi, yenye sauti ya roboti. Na kweli, kwa Kiswahili zinafanya kazi muzuri, sababu lugha yetu inasomwa vile inaandikwa. Hata Kiswahili cha Katanga, "batu banafika", "iko hapa", "njo vile", inakisoma bila shida, kwa sababu haiulizi kama ni sanifu, inasoma silabi tu. Ila tazameni mesaji ya kawaida ya Kolwezi: "Bjr à tous, réunion ya leo iko reportée, tutaonana mercredi à 15h, musikose svp." Hiyo si Kifaransa, si Kiswahili. Ni sisi. Sauti ya Kifaransa itaharibu nusu, sauti ya Kiswahili itaharibu nusu ingine. Na hesabu je? Huku kwetu pesa na namba za simu watu wengi tunazitaja kwa Kifaransa, hata mama wa soko asiyeenda masomo anasema "cinq mille". Sauti ya Kiswahili inasema elfu tano. Si kosa, lakini si vile watu wanahesabu mbele ya meza ya bidhaa.

Kuna njia ya kugeuza: ndani ya TalkBack unaweza kubadilisha lugha ya kusoma bila kutoka ku mesaji, na VoiceOver pia. Lakini mutu atabadilisha mara ngapi ndani ya sentensi moja? Ku ukurasa wa intaneti uliotengenezwa vizuri, fundi anaweza kutia alama ndani: kipande hiki ni Kifaransa, kile ni Kiswahili, na sauti inaweza kugeuka yenyewe. Ku mesaji ya WhatsApp hakuna ile alama. Chombo kinafikiri kwamba mutu mmoja anasema lugha moja, kutoka kichwa cha sentensi mpaka mkia. Hilo njo kosa lake kubwa kwangu, na si kosa la ufundi tu, ni la kutojua watu. Ni kama mbegu iliyofaulu ku stesheni: mvua ya kipimo, mbolea ya kipimo. Uilete ku udongo wetu wenye shaba, uone kama itatoa gunia zile zile.

Wengine watasema: basi tuandike Kiswahili safi. Mimi sikubali. Kolwezi ilizaliwa 1937, mji wa Union Minière, na wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda, Burundi, kusini mwa mpaka, kila upande. Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya jirani, Kifaransa kikawa lugha ya shule na ya karatasi. Mchanganyiko wetu haukutokana na uvivu. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Haikusema Kiswahili cha nani. Kazi ya kukifuata hiki cha kwetu ni ya wenye kutengeneza sauti. Yenye inabaki juu yetu ni ndogo zaidi: kuandika maneno yakiwa mazima. Bonjour nzima, hata sauti ya Kiswahili inaweza kuisoma mutu akaelewa. "Bjr", "slt", "pcq", "xaxa", hakuna sauti ya lugha yoyote itakayoziokoa.

Nipite haraka juu ya pesa, ju ni jambo lenye linahitaji makala yake. Huduma za pesa kwa simu nyingi bado zinatumia ile menyu ya nyota na kareti. Msomaji wa kioo anaisoma, ndiyo, lakini menyu ina muda wake: sauti inataja moja, mbili, tatu, mpaka saba, na ukichelewa kuchagua, inajifunga, unaanza tena. Na namba ya siri usiitie bila ekuta ndani ya masikio, sababu kuna simu inazitaja namba kwa nguvu na barabara yote inasikia. Kuhusu noti za mkononi, Google inayo programu inaitwa Lookout, inayotambua pesa kwa kamera. Mwaka 2021 orodha yake ilikuwa dola za Marekani, euro na rupia za India. Kwa hiyo huku Lualaba, mahali dola na falanga vinatembea pamoja, mutu asiyeona angeweza kujua dola yake, si falanga ya kununua mkate. Noti ya falanga anaijua kwa kidole na kwa uaminifu wa mwenye kumpa. Noti ikiisha kulainika, uaminifu peke yake njo unabaki.

Sasa nafika ku jambo lenyewe, lenye lilifanya nichukue kalamu.

Yaya yangu haoni, ni miaka mingi sasa. Anauza inite hapa Mutoshi, na simu njo ofisi yake. Grupu ya familia yetu ina watu wengi, kutoka Likasi mpaka Kinshasa. Asubuhi moja mutu mmoja alituma tangazo la matanga. Lilikuwa zuri kwa macho: picha, maua ku kona, jina kwa herufi za dhahabu, saa na mahali. Yote ndani ya picha. Chini yake watu wakaanza kujibu: RIP, RIP, courage, na zile nyuso za kulia, sita, nane, kumi kwa mstari. Simu ya yaya ikasoma yenye ilipewa. "Foto." Halafu RIP. Halafu uso unaolia, uso unaolia, uso unaolia, moja kwa moja, ju msomaji wa kioo anaitaja kila emoji kwa jina lake. Akajua kwamba mutu amekufa katika familia. Hakujua ni nani. Alikaa na ile hali karibu saa nzima, akipiga simu ambazo hazishikwi, akihesabu ndani ya kichwa wagonjwa wote wa ukoo, mpaka mimi nilipofika.

Akaniambia: "Mudogo, mi nayua kusoma. Hii telefone nayo inayua kusoma. Beye njo habayue kuandika."

Sijapata ukosoaji mzuri zaidi ya huo, na haukuhusu TalkBack hata kidogo.

Angalieni sasa mambo yetu wenyewe, sisi watu wa univerisite. Communiqué ya fakiltee: karatasi yenye stempu, imepigwa picha juu ya valve kwa pembeni, imetumwa. Orodha ya waliofaulu: picha. Tangazo la kazi: affiche ya rangi, tarehe ya mwisho iko ndani ya kiduara kule chini. Kalenda ya mitihani: PDF, lakini ni PDF ya skana, maana yake ni picha iliyovaa shati ya PDF. Kwa zote hizo, mara nyingi msomaji wa kioo ana neno moja: foto. Kweli, kuna programu zinazojaribu kutoa maandishi ndani ya picha: ile Lookout, Seeing AI ya Microsoft, na Be My Eyes, iliyoanza Denmark na kutoka kwa watu 2015, inayokuunganisha kwa video na mutu wa kujitolea mwenye kuona. Zinasaidia. Lakini picha iliyopinda, karatasi yenye kivuli cha kichwa cha mpigaji, na stempu imeanguka juu ya tarehe? Mahali penye stempu, pale pale njo kuna habari unayoitafuta. Na video ya kujitolea inakula mega. Kwa nini mutu alipe mega kwa kusomewa maneno ambayo sekretari aliyapiga ku kompyuta, yakiwa maandishi, dakika kumi kabla ya kuyageuza karatasi?

Hapo njo hasira yangu iko. Yale maandishi yalikuwepo. Tuliyaua sisi, halafu tunaomba mashine iyafufue.

Vocal nazo? Wengi wanafikiri ni suluhisho: yeye haoni, nimtumie sauti. Kwa salamu na habari ndogo, sawa kabisa. Lakini vocal ya dakika sita, tarehe iko ku dakika ya tano, haina njia ya kutafuta neno ndani yake. Maandishi anayapita kwa kasi yake, anarudi ku mstari anaoutaka, anakopi namba ya simu. Asiyeona naye ana haki ya kusoma haraka.

Sheria hazikosi. Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 9 kinasema juu ya kufikia habari na teknolojia, cha 21 juu ya kupata habari kwa namna inayofaa. Katiba yetu, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Na iko sheria ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki zao. Ni mambo mazuri, tuyadai. Lakini sheria haiandiki maneno chini ya picha. Mwenye kutuma njo anaandika.

Na kueleza picha kwa maneno, sisi wa agronomia hatuna sababu ya kusema ni kazi ngumu. Ku stage tulifanya nini? Tulijaza daftari: jani gani, upande gani, rangi gani, ukubwa gani. Mutu akituma picha ya muhindi wake unaougua na kuandika "help, ni nini hii?", yaya yangu na wengine kama yeye wako nje ya mazungumzo. Andika hivi: "Muhindi wa wiki tano. Majani yana mashimo mengi yasiyo na mpangilio, na ndani ya moyo wa mmea kuna uchafu kama unga wa mbao." Sasa kila mutu wa kilimo anajua tunazungumza juu ya chenille légionnaire. Na mkulima asiyeona anaweza kwenda ku shamba lake, aingize kidole ndani ya moyo wa muhindi, ausikie ule unga. Maelezo mazuri yanampa hata asiyeona namna ya kuhakikisha. Picha peke yake haimpi kitu.

Najua swali litakalokuja: katika grupu yetu wasioona ni wangapi? Labda mmoja, labda hakuna. Najibu kwa mambo mawili. La kwanza, kama hawako, tujiulize kwanza kama ukurasa wa picha tupu ungewaalika namna gani. La pili, maneno chini ya picha si kwa vipofu tu. Ni kwa yule mega zimeisha na picha inabaki ukungu. Ni kwa yule kioo cha simu kimepasuka kama ramani. Ni kwa mama anayesomewa na mtoto. Ni kwa mimi mwenyewe, miezi mitatu baadaye, nikitafuta ile tangazo kwa neno moja, maana picha haitafutiki.

Na wakati tunalaumu kampuni za mbali, ambazo kweli zina deni kwa sauti yetu, tusisahau jambo moja la hapa. Kobalti ya betri za simu, sehemu kubwa sana ya ile ya dunia inatoka nchi yetu, na mingi inatoka huku Kolwezi. Kila siku tunasema: dunia inachukua vyetu na haituangalii. Ni kweli. Lakini yule ndugu wa Mutoshi mwenye simu inayosema, hakuachwa nje ya grupu na California. Aliachwa na binamu yake mwenye lisansi.

Napendekeza kwa komite ya ukurasa, na kwa kila mutu mwenye grupu ya familia, ya kanisa au ya promotion:

Communiqué yoyote, maandishi yake yawe chini ya picha, yakiwa mazima: nani, nini, wapi, tarehe, namba ya kupiga. Stempu ibaki ndani ya picha kwa wanaotaka kuiona.

Tangazo la matanga, jina la marehemu liandikwe kwa herufi, mstari wa kwanza kabisa.

Facebook ina nafasi ya kuandika maelezo ya picha kwa wasioona, ijazwe.

Maneno mazima. Emoji moja, mwisho wa sentensi. Vocal ndefu, mstari mmoja wa maandishi wa kusema inahusu nini.

Na kwa wenye ndugu asiyeona nyumbani, fanyeni jambo moja wiki hii: ingieni ku Paramètres, Accessibilité, TalkBack, muiwashe ku simu yake, mukae naye mpaka ajue kutelezesha kidole na kugusa mara mbili. Chagueni naye sauti: moja ya Kifaransa, moja ya Kiswahili. Halafu mumtumie mesaji ya kwanza, ya maandishi, na musikilize namna inasomwa. Kama hamushiki neno, rekebisheni mesaji kwanza, simu baadaye.

Hii makala sikuitilia picha. Mwenye anatumia msomaji wa kioo aniambie hapa chini ni wapi sauti yake imekwama ku kuisoma, na ni sauti gani anatumia. Hayo maoni njo nayangoja kuliko ya wengine wote.

Mutoshi, Kolwezi.